Usianze na milimita: niliyojifunza kwa kuchelewa kuhusu ndege za ganshipu

Wakuu, hii nawaandikia nyie ambao ndo kwanza mnaingia kwenye kufuatilia ndege vita, hasa hizi ganshipu, yale madege makubwa yanayobeba mizinga ubavuni, pamoja na ndugu zao helikopta za mashambulizi. Mi sio rubani na gwanda sijawahi kulivaa, kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma, kuandika na kupitia maandishi ya watu wanaoripoti vita kabla hawajatia aibu, na aibu zenyewe mwanzoni nimezitia mimi za kutosha, kwahiyo hapa anaongea mtu aliyeungua, sio profesa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa daftari. Nilikuwa na daftari moja hivi nalipenda kweli, upande wa kushoto jina la ndege, kulia upana wa mtutu wa mzinga wake kwa milimita, yaani 7.62, 20, 25, 40, 105, na mbele kabisa naipa ndege alama kama mwalimu anasahihisha mtihani. Ndege yenye namba kubwa ndo mbabe. Siku moja nikamwonyesha mzee mmoja mstaafu aliyekuwa fundi silaha wa helikopta, nikitegemea anisifie, akalifungua, akalifunga, akaniambia haya ya milimita achana nayo kwanza, niambie ikifika pale juu inakaa dakika ngapi, nani anaona kilichopo chini, na nani anaiambia piga. Sikuwa na jibu hata moja. Miaka mingi imepita na hadi leo nikisoma habari yoyote ya ganshipu naanza na hayo maswali matatu, na nyie nawashauri muanze hapohapo.

Tuanze na la kukaa maana ndo linaeleza kwanini ndege ya namna hii ilitengenezwa. Ndege vita ya kawaida inakuja kwa kasi, inaachia bomu au inafyatua mzinga, inapita, halafu inabidi izunguke kilometa kadhaa ndo irudi tena. Sasa fikiria we ni askari uko kambini usiku, adui yuko kwenye uzio, ile ndege ikishapita una dakika nzima ya giza peke yako na hiyo dakika inatosha kabisa kuvunjiwa uzio. Ganshipu inaondoa hiyo dakika. Mizinga yake haitazami mbele, inatazama pembeni, upande wa kushoto, rubani anailaza ndege kushoto na kuanza kuzunguka duara, na kwenye duara hilo ule ubavu wa kushoto unabaki unaitazama sehemu ileile moja chini muda wote. Watu huwa wanafananisha na mwewe juu ya vifaranga, sawa, ila mwewe mwisho wa siku lazima ashuke, hii haishuki, inapiga hukohuko kwenye mzunguko.

Kama fizikia yake inakusumbua mfikirie Nate Saint, mmisionari Mmarekani aliyekuwa anarusha ndege ndogo kwenye misitu ya Ecuador, huyu alikuwa anashusha ndoo kwa kamba ndefu huku anazunguka duara na ndoo kule chini inakaa karibu imetulia, watu wanaweka au wanatoa mizigo. Sasa toa kamba weka risasi. Wazo la kufunga bunduki ubavuni Wamarekani walishalijaribu miaka ya 1920 na halikufika popote, likaja kufufuka miaka ya 1960 mwanzoni, na Desemba 1964 ndege ya mizigo C-47, yaani DC-3 ya kijeshi, muundo uliopaa mara ya kwanza mwaka 1935, ikaingia vitani Vietnam na minigani tatu ubavuni, yaani bunduki za mitutu mingi inayozunguka. Ndo AC-47, wakaiita Spooky. Rubani alikuwa analenga kwa kioo kilichofungwa kwenye dirisha lake la kushoto. Kila minigani inaweza kutema hadi risasi 6,000 kwa dakika, piga hesabu mwenyewe, tatu kwa pamoja zikiachiwa kwa kasi hiyo sekunde tatu tu ni risasi 900.

Ona lakini, lile lilikuwa dege la kizamani, linajivuta, halina silaha yoyote ambayo ndege ya kisasa ya wakati ule ingeiogopa. Ukiliweka kwenye daftari langu linapata sifuri. Lakini lilikuwa na uwezo wa kukaa masaa juu ya kambi, linadondosha fleya za kuangazia, linasubiri, likiitwa linapiga. Na wazo lenyewe halijafa, Colombia wamezirusha hizohizo DC-3 zilizobadilishwa injini hadi karne hii, wanaziita Fantasma.

Baada ya hapo wakaja na AC-119 na AC-130, hii ya pili ndo mtakutana nayo kila mahali. Ilijaribiwa Vietnam mwaka 1967, na kazi yake kubwa ikawa kuwinda malori usiku kwenye njia ya Ho Chi Minh kule Laos, ile waliyopitishia vifaa Vietnam Kaskazini. Hapa ndo swali la pili linaingia, nani anaona. Maana kukaa juu ya msitu wenye giza masaa manne bila kuona kitu ni kuchoma mafuta tu. Kwahiyo wakajaza sensa, yaani vifaa vya kuona na kunasa: televisheni ya mwanga hafifu, infraredi ya kuona joto, na kifaa kimoja walikiita Black Crow ambacho kilikuwa kinanasa mawimbi yanayotoka kwenye mfumo wa plagi wa injini ya lori la petroli, yaani lori limejificha chini ya miti, halionekani kwa macho, lakini plagi zake zinalisaliti. Mi niliposoma hiyo mara ya kwanza nilikaa nikaangalia ukuta. Mzinga mkubwa wa milimita 105, ule kila mtu anaupigia makofi, ulikuja mwaka 1972, macho yalikuwa yameshatangulia miaka kadhaa. Ukiwa unaandika, anza na macho.

Halafu kuna watu ndani. Mgeni akiambiwa ndege anafikiria rubani mmoja na kitufe. AC-130U ilikuwa inaruka na watu 13: marubani, mwongoza njia, mtu wa kuendesha mitambo ya kulenga, mtu wa kukwepa makombora, watu wa sensa wanaotazama skrini, na wale wa nyuma wanaopakia mizinga kwa mikono. Ganda la 105 lina uzito wa karibu kilo 20, mtu analibeba, analisukuma ndani, mtutu unarudi nyuma kwa nguvu, anachukua lingine, haya yote yanafanyika sakafu imelala kwasababu ndege iko kwenye mzunguko, ni usiku, kuna joto na moshi. AC-130J ya sasa ina watu wachache zaidi, ila ule mzinga bado unalishwa kwa mikono.

Na hatari haitoki chini tu. Tarehe 24 Februari 1969 kombora la mota lilipiga bawa la AC-47 moja karibu na Long Binh, Vietnam, ndani fleya iliyokuwa tayari kurushwa ikamponyoka askari ikaanza kubingirika sakafuni katikati ya masanduku ya risasi. John Levitow, kijana wa mizigo, akiwa na majeraha zaidi ya 40 ya vipande vya chuma, akaiangukia ile fleya, akaikumbatia, akajiburuta nayo hadi mlangoni akaisukuma nje na ikawaka palepale ilipotoka. Alipewa nishani ya juu kabisa ya Marekani. Nawatajia sio kwa ajili ya ushujaa tu, nawatajia ili mkumbuke kwamba ndege hii ni ghala la baruti linaloruka na watu wamekaa humohumo ndani.

Na kuna ile ya karibu na kwetu ambayo wengi hawaijui. Tarehe 14 Machi 1994 AC-130H yenye jina la redioni Jockey 14 ilikuwa kwenye shughuli za Somalia, ganda la 105 likalipukia ndani ya mtutu kabla halijatoka, moto ukashika injini za kushoto, ikajaribu kurudi ikaishia baharini mbele ya pwani ya Malindi. Kati ya watu 14 walikufa 8. Hakuna adui aliyewapiga. Kwenye daftari langu la zamani mzinga ule ulikuwa na alama kumi juu ya kumi.

Sasa Khafji, na hapa nitakaa kidogo maana nikipewa nafasi ya kumfundisha mgeni tukio moja tu nachagua hili. Mwisho wa Januari 1991 wanajeshi wa Iraq waliingia mji wa Khafji ndani ya mpaka wa Saudi Arabia. Usiku AC-130 zilipelekwa, zikafanya kazi yake juu ya misafara ya magari. Usiku ni blanketi ya hii ndege. Ni kubwa kama nyumba, iko taratibu, inazunguka duara ambalo hata mtoto anaweza kulitabiri, kitu pekee kinachoilinda ni kwamba mtu wa chini haioni. Alfajiri ya tarehe 31 ndege moja, Spirit 03, ilikuwa bado juu kwasababu wanajeshi wa ardhini walikuwa wanaomba ipige maroketi ya adui. Kulikuwa kunapambazuka. Wenzao wengine walishaondoka. Hawa wakabaki, kombora la kubebwa begani likawapata, ndege ikaangukia kwenye maji ya Ghuba, watu wote 14 wakafa.

Soma hiyo mara mbili. Kilichowaua ndo kilekile kilichoifanya ndege iwe na thamani, yaani kukaa. Anayeomba msaada chini anataka ukae, kila dakika ya ziada ni uhai wake, na kila dakika ya ziada jua linapanda na duara lako linaonekana. Huwezi kuwaita wazembe na huwezi kusema walifanya sawa, mimi binafsi nimeacha kuhukumu, ila nimejifunza kwamba nikikuta ripoti yoyote ya ganshipu kuanguka kitu cha kwanza natafuta ni saa ngapi jua lilichomoza. Vietnam ilishawaonyesha, mwaka 1972 AC-130 moja ilipigwa na kombora kubwa la SA-2 mwezi Machi juu ya Laos, nyingine mwezi Juni ikapigwa na SA-7, lile dogo la begani. Kabla ya hapo walikuwa wanaogopa mizinga ya kutungulia ndege ambayo angalau unaona risasi zake zinapanda, sasa mtu mmoja kwenye kichaka akawa anatosha.

Ndo maana ukisikia mtu anauliza mbona ganshipu haitumwi vita fulani imalize kazi, jibu karibu siku zote ni lilelile, anga sio ya kwako. Afghanistan ilikaa miaka karibu ishirini kwasababu Taliban hawakuwa na makombora ya maana ya kutungua. Ukraine huoni kitu kama hicho upande wowote, duara moja tu la kizembe juu ya mstari wa mbele na mchezo umeisha. Mtu akikuambia silaha fulani ni hatari muulize ni hatari juu ya anga ya nani.

Swali la tatu, nani anaiambia piga, hili nililipuuza muda mrefu zaidi kwasababu niliona ni mambo ya ofisi, makaratasi, redio, hayana utamu. Mpaka Kunduz, mji wa Afghanistan. Usiku wa tarehe 3 Oktoba 2015 AC-130U ilipiga hospitali ya Médecins Sans Frontières, lile shirika la madaktari wasio na mipaka, kwa takriban nusu saa kwa hesabu ya jeshi la Marekani, watu 42 wakauawa, wafanyakazi, wagonjwa, na waliokuwa wanawauguza. Shirika lilikuwa limeshatoa kodineti za GPS za hospitali yake, yaani namba zinazoonyesha ilipo, kwa pande zote. Kwahiyo imekuwaje?

Nilisoma matokeo ya uchunguzi wa jeshi la Marekani nikiwa na kalamu, na nyie fanyeni hivyo, muda huo utawafaa kuliko kuangalia video mia. Shabaha iliyokusudiwa ilikuwa jengo lingine, la usalama wa serikali, lililosemekana limeshikwa na Taliban. Ndege iliondoka haraka kuliko ilivyopangwa kwasababu kulikuwa na taarifa ya askari kushambuliwa, kwahiyo watu hawakupata maelezo kamili na orodha ya sehemu zisizopigwa haikuwa ndani ya mifumo yao. Njiani mawasiliano ya kutuma data yakafa. Walipofika wakahisi kuna kombora linawatafuta wakasogea mbali kuliko kawaida, na kwa umbali ule kodineti walizopewa zikaipeleka kamera kwenye uwanja mtupu. Sasa una maelezo ya mdomo kwamba ni jengo kubwa la namna fulani, kodineti inakuonyesha majani, na jengo kubwa la karibu linafanana na maelezo. Wakalishika hilo. Baadaye waliporudi kwenye mzunguko wa karibu mitambo ikawaonyesha jengo sahihi, ila vichwa vilikuwa vimeshaamua, na kule chini aliyekuwa anaidhinisha hakuwa analiona jengo lenyewe. Makao makuu walipewa kodineti za jengo linalokwenda kupigwa muda mfupi kabla na hakuna aliyezilinganisha na orodha. Watu 16 walipewa adhabu za kinidhamu, jeshi likasema haikuwa kusudi, shirika likadai uchunguzi huru.

Mimi nikimaliza kusoma hiyo huwa narudi kwenye maswali ya mzee. Dakika ngapi, walikuwa nazo tele, walikaa. Nani anaona, walikuwa na kamera nzuri kuliko nchi nyingi duniani. La tatu ndo likaoza, na likishaoza la tatu, uzuri wa la kwanza na la pili unakuwa balaa, maana ndege inayopiga kwa usahihi na haiondoki inaendelea kupiga jengo lisilo lenyewe kwa usahihi uleule kwa nusu saa. Na kwenye infraredi, wadogo zangu, mtu ni doa la joto tu. Daktari na mpiganaji ni madoa mawili yanayofanana. Usimwamini mwandishi yeyote anayekuambia kamera iliona wazi.

Hapo nakumbuka aibu yangu kubwa kuliko zote, klipu. Kuna sehemu nilikuwa napitia habari kabla hazijatoka, ikaja klipu ya dakika moja, rangi ya kijivu, madoa yanakimbia, milipuko, msalaba wa kulengea katikati, maelezo yanasema ganshipu inasambaratisha msafara. Nikaipitisha. Ilikuwa gemu la kompyuta. Kesho yake dogo mmoja wa miaka kama kumi na tano akatuandikia hata jina la gemu na levo yenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo kuna vitu naangalia kwanza. Muda kati ya kufyatua na kulipuka, kwasababu ganshipu iko maelfu ya futi juu na ganda la 105 halisafiri kama mwanga, linachukua sekunde kadhaa, na kwenye video halisi utawasikia wafyatuaji wametulia wanasubiri, kwenye gemu mlio na mlipuko vinabusiana. Picha ya kweli pia inazunguka taratibu, majengo yanageuka pole pole kwasababu kamera iko kwenye duara, ikiwa picha imesimama wima kama ramani shtuka. Namba za pembeni ya skrini kwenye klipu zilizotolewa rasmi mara nyingi zimefutwa, klipu yenye namba zote zinang'aa vizuri inatia shaka. Na moshi, moshi wa gemu una tabia nzuri mno. Hata hivyo magemu yanazidi kuwa mazuri kila mwaka kwahiyo bila kujua ilitoka wapi na nani aliitoa kwanza, mi siku hizi siisemei klipu kitu.

Niguse helikopta kidogo maana wageni wengi wanachanganya, wanasema ganshipu wakimaanisha zote, na kwenye mazungumzo ya kawaida sio kosa. Ila tabia ni tofauti. Ile ndege kubwa inakaa juu, helikopta inajificha chini. Apache ina mzinga wa milimita 30 unaofuata kichwa cha mpigaji, akigeuka unageuka, na inaweza kubeba makombora 16 ya Hellfire, lakini nguvu yake ni kutokea nyuma ya kilima, kupiga kwa mbali, kuondoka. Tarehe 17 Januari 1991 Apache nane zilifanya hivyo hasa, zikaruka chini gizani zikavunja vituo viwili vya rada vya Iraq na kufungua mlango kwa ndege nyingine. Miaka 12 baadaye, Machi 2003, helikopta zilezile, zipatazo 30, zikaenda karibu na Karbala, Iraq. Taa za mji zikazima na kuwaka ghafla, inaaminika ilikuwa ishara, halafu kila mwenye bunduki kwenye mapaa akafyatua juu. Moja ikaanguka, marubani wake wawili wakatekwa, na karibu zote zilizobaki zikarudi na matundu. Nyingi zilikuwa risasi za bunduki na mizinga ya chini, sio makombora.

Mi-24 ya Warusi ndo yenye heshima huku kwetu Afrika maana iko kila jeshi la pili, ni kama basi lenye silaha, inabeba askari wanane nyuma. Afghanistan enzi za Wasovieti ilitisha sana mpaka Septemba 1986 makombora ya begani ya Stinger yalipoanza kufyatuliwa, marubani ikabidi wabadili kabisa namna ya kuruka. Na usisahau milima na hewa, Agosti 2012 helikopta tatu za Mi-24 za Uganda zikiwa njiani kwenda Somalia zilianguka Mlima Kenya, hakuna aliyezipiga. Tena huko juu hewa ikiwa nyembamba panga zinakosa kitu cha kukamata na hilo halimo kwenye daftari la milimita. Kwa upande wa mazuri someni pia Rooivalk ya Afrika Kusini, mwaka 2013 mashariki ya Kongo ilipiga ngome za waasi wa M23 ikiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa, ndo ilikuwa mara yake ya kwanza vitani tangu itengenezwe.

Ushauri wa kazi sasa, kwa haraka. Soma ripoti za ajali kabla ya makala za kusifia, ajali haina mtangazaji. Jifunze kubadili futi kuwa mita na noti, kile kipimo cha kasi ya ndege, kuwa kilometa kwa saa kwa kichwa, utaokoka na makosa mengi ya kijinga. Usiandike ganshipu ilitumika kama chanzo chako kinasema ndege ilishambulia, hivyo ni vitu viwili tofauti, kuna watu kila mlio wa mzinga usiku kwao ni AC-130. Na mtu akisema enzi za ganshipu zimeisha kwasababu ya droni msikilize ila usikimbie, ana hoja, droni ya Marekani ya MQ-9 inakaa hewani zaidi ya saa 20 bila mtu ndani, kama kukaa ndo mali basi droni inakaa kuliko wote. AC-130J yenyewe imeshabadilika, inabeba mabomu madogo na makombora ya kupiga kwa mbali ili isilazimike kuzunguka juu ya kichwa cha adui, na ule mpango wa kuifunga mzinga wa leza ulikuja kuachwa mwaka 2024. Lakini Novemba 2023 maroketi na droni zilipokuwa zinapiga kambi za Wamarekani Iraq, iliyokuwa tayari hewani na kujibu palepale ilikuwa AC-130J. Ilikuwepo, basi.

Yule mzee nilimrudia baada ya kama mwaka na daftari jipya. Safari hii nilikuwa nimeandika masaa, nani anatazama, nani anaidhinisha, anga ya nani, jua linachomoza saa ngapi. Alisoma kurasa mbili tatu kimya, nikajua leo nimemuweza, halafu akaniuliza, na mafuta? Sikuwa nimeandika mstari hata mmoja wa mafuta. Nikarudi kusoma, nikakuta Oktoba 1997 AC-130U ziliruka moja kwa moja kutoka Hurlburt Field, Florida, hadi Taegu, Korea Kusini, saa 36 hewani, zikijazwa mafuta mara saba bila kutua.